Kura Moja ya Ziada

Baba yangu, Orval Tveit, alikataa katakata kupiga kura kwa posta. Connie, mke wangu, alimwombea karatasi ya posta wiki ile ile daktari alipotuambia tumrudishe mzee nyumbani, tumpe anachotaka kula na tusimsumbue tena na dawa kali. Karatasi ilipofika baba aliigeuza mbele na nyuma, akaikunja vizuri, akamrudishia Connie.

"Hii ni ya watu waliosafiri," alisema. "Mimi niko hapa hapa."

"Baba, hata chooni hufiki bila kubebwa," nikamwambia.

"Chooni hawahesabu kura."

Kubishana na mzee wangu ni kujichosha bure, na mimi nilikuwa na ng'ombe sitini wa kukamua asubuhi na jioni, sina nguvu za kutupa. Isitoshe, nilijua sababu yake. Baba alikuwa msimamizi mkuu wa kura katika kata yetu ya Nordby tangu mimi sijaota ndevu. Miguu ilipoanza kumkatalia akamwachia Verna Stuessy kazi hiyo, lakini ukumbini hakuacha kwenda. Kwetu Wisconsin mtu yeyote anaruhusiwa kukaa kwenye kiti ukutani akaangalia kura zinavyohesabiwa, mradi afunge mdomo. Wengi ruhusa hiyo hawana hata habari nayo. Baba kila uchaguzi alikuwa pale, kofia magotini, anawakodolea macho wenzake waliorithi meza yake.

Jambo jingine ni kwamba mimi na yeye hatukuwa chama kimoja. Yeye alikuwa Mdemokrati wa damu, tangu enzi za wafugaji kumwaga maziwa barabarani kwa hasira ya bei. Mimi nilihamia kwa Warepublikani nikiwa bado nakula mezani kwake. Alininunia wiki nzima, kisha akanisamehe kwa sharti kwamba niendelee kukamua. Tangu hapo tukawa tunakwenda ukumbini pamoja kila uchaguzi, ndani ya gari moja, mmoja kwenda kuweka na mwenzake kwenda kuondoa.

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inalitazama jimbo letu. Walisema atakayeichukua Wisconsin ataichukua Ikulu, basi tukakoma. Ukiwasha televisheni ni sisi, ukiwasha redio ni sisi. Simu zililia mpaka Connie akaitumbukiza ya mezani ndani ya kabati la mashuka. Watu ambao miaka mitatu na nusu hawakujua kama tupo, sasa walikuwa wanatuuliza habari za mahindi yetu. Kila mmoja alikuwa anaapa kwamba kura moja ya mtu wa kijijini Wisconsin inaweza kuamua hatima ya dunia. Mimi nilikuwa nacheka. Baba hakucheka, maana yeye alikuwa akiamini hivyo tangu zamani, bila kuambiwa.

Jumapili kabla ya uchaguzi, muuguzi alituita jikoni akatuambia mzee hana siku nyingi. Nilipoingia sebuleni, mahali tulipomwekea kitanda, baba alinishika mkono wa shati.

"Najua alichowaambia," alisema. "Sitaki padri mpaka Jumatano. Nataka Jumanne unipeleke ukumbini. Nataka yangu ihesabiwe, na nataka wewe uione ikihesabiwa. Ukishaniambia imehesabiwa, basi."

"Nitakupeleka, baba."

"Sema na hilo la pili."

"Na nitaiona ikihesabiwa."

Jumanne mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba ya Novemba ambayo bado kidogo iwe theluji. Baba alitaka tai. Connie akamfunga tai, juu ya pajama, kisha koti kubwa juu yake. Tulimbeba mimi kichwani yeye miguuni, tukamweka kwenye pikapu na mtungi wake wa oksijeni katikati yetu. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi wake ule ulinikata maini kuliko maneno yote ya muuguzi. Njiani alihesabu mabango ya wagombea kwenye nyua za majirani, na kila alipoona la mtu wangu alisema, "Ng'ombe wa huyu wana akili kuliko yeye."

Ukumbi wetu ni shule ya zamani ya darasa moja. Baba alisoma humo. Niliegesha pikapu karibu kabisa na mlango, maana sheria yetu inaruhusu mtu asiyeweza kushuka apigie kura ndani ya gari lake, na wasimamizi wawili wanamtokea nje. Hata sijapiga honi, walikuwa wameshatoka.

Wa kwanza alikuwa Elroy Bakken, rafiki wa baba wa tangu utotoni, Mdemokrati mwenzake, mtu mrefu asiyependa maneno. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Karatasi ya kura ya baba alikuwa ameibana kwenye ubao wa kuandikia na kuifunika kwa nailoni isilowe, na nyuma yake alikuwa ameshatia herufi za kwanza za jina lake. Kila karatasi inayotoka kwetu lazima iwe na herufi za wasimamizi wawili mgongoni. Rundo la mezani walikuwa wameshalitia herufi wote wawili asubuhi. Hii ya baba ilibaki ya Elroy peke yake, kwa sababu alipokuwa anaiandaa mwenzake alikuwa jikoni anachemsha kahawa. Wakakubaliana atatia zake hapo hapo garini.

Mwenzake huyo ni LaVonne Prochnow, wa chama changu, mama mnene mchangamfu ambaye hakuna msiba wala arusi katika kata yetu isiyoliwa keki yake. Alifungua mlango wa pikapu, akampa baba mkono.

"Mikono yako baridi, LaVonne," baba alisema. "Prochnow siku hizi hakupashi moto?"

"Prochnow anapasha moto kiti chake tu, mzee."

"Ungenikubali mimi ule mwaka wa dansi."

"Ulikuwa hujui kucheza."

"Ningejifunza."

LaVonne alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akageuka upande, akawa anatafuta leso mfukoni, haipati. Elroy akampa baba ubao na kalamu. Baba akatutazama sote, akaamuru: "Geuzeni migongo. Hii ni siri." Basi Elroy na LaVonne wakasimama mvuani wamegeukia barabara, mabega yamewanyong'onyea wote wawili. Connie akatazama nje ya dirisha la upande wa pili. Mimi nikaona niutumie muda ule, nikaingia ndani kupiga yangu.

Ndani palikuwa na Verna peke yake mezani. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama dirishani.

"Ataweza kuishika kalamu?" aliuliza.

"Ameishika. Anatufukuza tusimchungulie."

"Orval huyo," alisema, na machozi yakamlengalenga. Akachukua karatasi juu ya rundo, akanipa, na mimi nikaipokea huku wote wawili tukiangalia kile kichwa cheupe ndani ya pikapu, kimeinama, kinafanya kazi. Nikaingia kwenye kijumba cha pazia, nikajaza, nikaidumbukiza yangu kwenye sanduku. Nilipokuwa natoka nilipishana na LaVonne mlangoni, ameificha karatasi ya baba chini ya koti lake isinyeshewe na mvua. Nyuma yangu nikamsikia Verna akitangaza kwa sauti, kama ilivyo kawaida yetu, "Orval Tveit amepiga kura." Watu watatu waliokuwa wameingia kwa mlango wa nyuma wakapiga makofi.

"Nani huyo anapigiwa makofi?" baba aliuliza nilipopanda.

"Wewe."

"Waache ujinga," alisema, lakini alikuwa amefurahi mpaka masikioni.

Jioni nilikamua mapema, nikaosha mikono, nikaenda kukikalia kiti chake. Saa mbili kamili Verna alifunga mlango wa wapiga kura na kutangaza kwamba kura zimefungwa. Mtazamaji alikuwa mimi tu. Wakamimina sanduku mezani. Kata yetu haina mashine, tunahesabu kwa vidole. Kwanza wanahesabu karatasi bila kuzisoma, waone kama zinalingana na majina yaliyowekewa namba daftarini.

Hazikulingana. Karatasi zilikuwa zimezidi majina kwa moja.

Wakahesabu tena. Elroy akahesabu, LaVonne akahesabu nyuma yake, Verna akapekua daftari jina kwa jina, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Moja bado imezidi. Hapo ndipo Verna alipovua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilimwona hana raha, lakini sikujua bado kwa nini.

Kwetu kura zikizidi watu, ile ya ziada haiwezi kuachwa. Hakuna ajuaye ni ipi, kwa hiyo inatafutwa ya kutolewa. Kwanza wanatazama kama kuna karatasi tupu. Haikuwepo. Pili, wanazilaza zote kifudifudi na kutafuta yenye kasoro mgongoni. Ikikosekana ndiyo wanazirudisha sandukuni, wanazikoroga, wanachomoa moja kwa bahati. Lakini ikipatikana yenye herufi za msimamizi mmoja tu, hiyo ndiyo inayotolewa. Kama kura zisingezidi, hata isingeguswa, ingehesabiwa na nyingine zote.

Walizilaza kifudifudi. Elroy alikuwa anapitisha upande wake, LaVonne wake. Kisha LaVonne akaacha kupitisha. Alibaki na karatasi moja mkononi, kona yake imekunjamana kwa maji ya mvua.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Sikutia zangu."

Sote tuliokuwa mle tulijua ni ya nani. Herufi za Elroy zilikuwa pale, safi, na pembeni yake patupu.

"Nilikuwa natafuta leso," LaVonne alisema. "Nikageuka, akasema tugeuze migongo, nikageuza. Nikaichukua vile vile." Akanyanyua kalamu mezani. "Natia sasa. Nilikuwepo. Nimemwona kwa macho yangu. Natia sasa hivi tu, Verna."

"Weka kalamu, LaVonne," Elroy alisema.

"Elroy, ni Orval."

"Najua ni nani. Nimezaliwa naye barabara moja. Weka kalamu."

"Wewe ndiye mwenye chama chake. Utasemaje kesho? Watu watasema LaVonne Mrepublikani kaitupa kura ya Mdemokrati anayekufa."

"Waseme. Ule mwaka wa uchaguzi wa gavana Orval aliitoa kura ya mjomba wangu kwa kosa hili hili, akiwa amekaa pale alipokaa Verna. Mjomba hakumsalimu miaka miwili. Orval akasema sheria ni msumeno. Sasa leo msumeno ukate wengine tu, kwake ufike uwe butu?"

Alisema hivyo huku anaichukua kalamu mkononi mwa LaVonne.

Mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujijua. "Verna," nikasema, "kila mtu humu anajua ni ya nani. Hamkuibahatisha. Mnamtoa mtu mnayemjua."

"Kaa, Darrel."

"Ni kura yake ya mwisho."

"Kaa chini. Ukisema tena nitalazimika kukutoa nje, na sitaki kukutoa nje."

Nikakaa. Nilijiona kama mpumbavu, na kichekesho ni kwamba nilikuwa nataka kupigana na majirani zangu kwa ajili ya kura ya kumwangusha mgombea wangu mwenyewe. Ningempa baba kumi kama hizo. Lakini pale kwenye kiti cha ukutani huna unachompa mtu. Una macho tu.

Verna aliichukua karatasi kutoka mkononi mwa LaVonne. Hakuigeuza kuona upande wa pili. Akaandika juu yake sababu ya kutolewa, akaitia kwenye bahasha, akaifunga. LaVonne alikuwa analia waziwazi sasa, na machozi yake yakanikera, Mungu anisamehe, maana alipolia mchana ndipo yote haya yalipoanza. Baada ya hapo wakahesabu. Mtu wangu aliichukua kata yetu kwa wingi wa kutosha, na namba zikatajwa kwa sauti, na mimi sikuzisikia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo. Niliusema kwa sauti ndani ya gari: imehesabiwa baba, nimeiona. Ulikuwa uongo mzuri, mfupi. Nilipoingia sebuleni Connie alikuwa amemwinulia mto, na yeye alikuwa ananisubiri kwa yale macho ya kiti cha ukutani. Uongo ukanigomea mdomoni.

"Haya," alisema. "Niambie."

"Haikuhesabiwa, baba."

Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwa LaVonne akainua kidole kidogo juu ya blanketi.

"Msimlaumu yule," alisema. "Mimi ndiye niliyemtania." Kisha, baada ya kuvuta pumzi mara kadhaa: "Na Elroy?"

"Alikataa LaVonne atie herufi baadaye."

"Vizuri." Alisema vizuri, lakini aligeuza uso ukutani. "Vizuri. Lakini ile ya ziada ilitoka wapi? Karatasi haizai."

"Verna amepekua daftari mara tatu."

"Daftari litakuonyesha waliomo. Litakuonyeshaje asiyekuwemo?" Akafumba macho. Nikadhani amelala. "Walipokuja kwangu garini, nani alibaki mezani?"

"Verna."

"Peke yake. Nani alipiga kura wakati huo?"

"Hapakuwa na mtu," nikaanza. "Palikuwa na mimi tu."

Baba akafumbua macho.

"Alikupa namba ngapi?"

Kila mpiga kura kwetu hupewa namba yake, nayo hutajwa. Baa nzima baadaye hutambiana nani alikuwa wa kwanza na nani alichelewa. Nilifungua mdomo nimtajie yangu, nikakuta sina.

"Ulitia sahihi?"

"Hapana."

"Ulitaja jina lako?"

"Baba, Verna ananijua tangu nikiwa—"

"Nimekuuliza kama ulitaja jina."

"Sikutaja. Tulikuwa tunakutazama wewe."

Connie aliweka kikombe chini. Baba akahesabu kitu kichwani mwake kwa uangalifu, kwa namna alivyokuwa akirudia hesabu mezani pale.

"Basi hakuna kura iliyozidi," alisema mwishoni. "Lililopungua ni jina. Ile waliyoiona ya ziada ni yako."

Kura yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa kura, halali, imehesabiwa, imempa mtu wangu moja. Ya baba ilikuwa nje, ndani ya bahasha, kwa sababu yangu ilikuwa ndani. Kungekuwa na sheria ya kubadilishana ningebadilisha pale pale.

Nilimpigia Verna. Nikamweleza yote.

"Nilikuwa natazama dirishani," alisema.

"Najua. Na mimi pia."

"Mfuko nimeshaufunga kwa lakiri, Darrel, na nimeshaupeleka kaunti. Subiri nimpigie karani nyumbani kwake." Alinipigia baada ya muda mfupi, sauti imemkauka. "Anasema haufunguliwi. Labda mgombea aliyeshindwa aombe kura za jimbo zihesabiwe upya. Hapo tutaufungua, nitaapa kwamba jina lako halikuandikwa, na ya Orval itarudi."

"Ataomba?"

"Ikiwa tofauti ni ndogo sana. Angalia televisheni."

Niliangalia. Watu wa Wisconsin usiku ule walikuwa wamegawanyika, kila mmoja anaomba mtu wake ashinde. Mimi peke yangu nilikuwa naomba wasiachane. Nilitaka wabanane mpaka unywele usipite katikati. Kaunti zilikuwa zinaingia moja moja, mara huyu yuko mbele, mara yule, na kila walipokaribiana nilikuwa nashangilia, na kila mmoja alipomwacha mwenzake nilikuwa namtukana, haidhuru ni nani. Connie alinitazama akaenda kulala. Kulipokucha, Milwaukee ilikuwa imeshaingia yote, na mtu wa baba alikuwa amelichukua jimbo. Tofauti ilikuwa ndogo, ndogo hasa. Nikaanza kupata matumaini.

Kisha mtu wangu akatokea kwenye kioo, na mke wake nyuma yake. Akasema ameyakubali matokeo. Akasema hataomba kuhesabu upya, kwa sababu anawapenda watu wa Wisconsin na hataki kuwarefushia machungu. Akampongeza mwenzake. Watangazaji wote wakamsifu kwa uungwana wake. Mimi nilikuwa nimempigia mtu huyu kura, nimembandika kwenye gari langu, nimegombana na mzee wangu kwa ajili yake, na alichonifanyia mara moja tu nilipomhitaji ni kuwa muungwana. Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana hata ng'ombe.

Nikaenda sebuleni kumwambia baba.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Sijui alikaaje, maana siku zote hizo hakuweza hata kujigeuza. Alikuwa ameweka kofia kichwani, tai ya jana ikining'inia, na mguu mmoja ulikuwa umo ndani ya kiatu chake cha ukumbini. Kilikuwa cha kushoto, amekivaa kulia, kamba hazijafungwa. Jasho lilikuwa linamtiririka. Lazima alikuwa ameanza kazi ile kabla hakujapambazuka.

"Baba, unafanya nini?"

"Nimesikia redioni," alisema. "Tumelichukua jimbo."

"Mmelichukua. Mtu wako ameshinda, baba. Hongera."

"Ameshinda." Alitikisa kichwa, akavuta pumzi. "Lakini yangu haimo. Nirudishe ukumbini, Darrel. Safari hii nitashuka mwenyewe, nitataja jina langu mezani. Wewe nawe utataja lako."

"Baba, uchaguzi umekwisha. Ukumbi umefungwa."

"Verna ana ufunguo."

"Verna hawezi kitu. Hakuna anayeweza kitu, baba."

Alinitazama usoni, bila hasira, kwa subira kama ya mtu anayemngoja mtoto aache kudeka. Sijui kama ilikuwa dawa ya maumivu au kama alikuwa ananielewa vizuri kabisa na hataki kukubali. Akanyoosha ule mguu wa pili, mtupu, mweupe, mbele yangu.

"Nimebakiza kimoja," alisema. "Nisaidie."

Nikapiga magoti. Kiatu cha pili nilikuwa nacho mkononi, na mguu wake ulikuwa wa baridi, na sikujua nimvishe hiki au nimvue kile.